Mechi ya kwanza uwanja mpya: usianze na ile yenye wageni

Klabu ikipata uwanja wake, kikao cha kwanza cha kamati huzungumzia nani atakata utepe. Cha pili huzungumzia timu ya kualika. Nati za goli, maji ya vyooni na lango la ambulensi hukumbukwa Ijumaa usiku, na mechi ni Jumamosi.

Hamu yenyewe inaeleweka. Mombasa ni mji wa mpira tangu zamani. Feisal walichukua ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, na Bandari wametwaa kombe la shirikisho la Kenya mwaka 2015 na tena 2019. Lakini mwaka huo huo wa 2019 Bandari walipoingia Kombe la Shirikisho la CAF, mechi zao za "nyumbani" zilichezwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka Mbaraki, uwanja wao wa hapa. Kwa hivyo timu ya hapa ikipata pake, kila mtu anataka sherehe kubwa, na anaitaka jana.

Fanyeni sherehe, lakini isiwe ndiyo mechi ya kwanza. Everton, kabla ya kucheza na Brighton tarehe 24 Agosti 2025 katika uwanja wao mpya wa zaidi ya watu 52,000, walianza mwezi Februari na vijana wa chini ya miaka 18 dhidi ya Wigan, mbele ya watu 10,000 hivi. Machi wakaleta timu nyingine ya vijana na kufungua sehemu kubwa zaidi. Tottenham nao walikuwa na mechi mbili za majaribio kabla ya ile ya ligi ya Aprili 2019, na walikuwa wameshachelewa miezi kwa sababu ya mifumo ya usalama. Hawa ni watu wenye pesa na wahandisi wa kila aina, na bado hawakuuamini uwanja wao mpaka waujaze kidogo kidogo. Nasi wa uwanja wa watu 5,000 tunaweza kuleta timu mbili za akademia Jumamosi mbili mapema, tukafungua jukwaa moja na mlango mmoja, tukaalika watu 500 bure. Utagundua mengi siku hiyo: ufunguo wa geti la nyuma uko kwa mtu aliyekwenda Mtwapa, spika hazisikiki upande wa magoli, tangi la choo cha wanawake linakauka kabla ya mapumziko.

Tuanze na uwanja wenyewe, maana hapo ndipo refa anapoanza.

Kipimo kinachopendekezwa ni mita 105 kwa 68. Mafundi wengi huweka kona kwa hesabu ya tatu-nne-tano, yaani pembetatu ya mita 3, 4 na 5 inayotoa pembe mraba, kama wanavyofanya kwenye msingi wa nyumba. Hesabu ni sahihi ila pembetatu ni ndogo mno kwa uwanja. Ukikosea sentimita 1 kwenye mita 4, ukifika mwisho wa mita 105 umepinda sentimita 26. Tumia 30, 40 na 50, na tepu ya chuma. Kamba ya nailoni huvutika, na jua la saa saba halisaidii. Halafu pima kutoka kona hadi kona: kwa 105 kwa 68 ni lazima upate mita 125.10, pande zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita chache, una uwanja wa mshazari, na hakuna rangi itakayouficha, kwa sababu mstari wa goli hautakutana na wa pembeni kwa pembe mraba.

Makosa mengine ya mistari ni yale yale kila mara. Boksi kubwa la mita 16.5 hupimwa kutoka upande wa ndani wa mlingoti. Anayepima kutoka nje huongeza unene wa mlingoti kila upande, hadi sentimita 12, na boksi linakuwa pana kuliko la kisheria. Upana wake wote ni mita 40.32, boksi dogo ni 18.32. Nukta ya penalti ni mita 11 kutoka katikati ya milingoti, kuanzia ukingo wa nje wa mstari wa goli. Ule upinde juu ya boksi huchorwa kwa kamba ya mita 9.15 iliyofungwa kwenye nukta ya penalti. Wapo wanaoifunga katikati ya mstari wa boksi, wakatoa nusu duara nzima. Mshika kibendera aliyesoma huiona akiwa bado kwenye gari. Unene wa mistari usizidi sentimita 12, na mstari wa goli uwe sawa na unene wa mlingoti na mtambaa wa panya.

Ukijumlisha mistari yote, duara la kati, pinde na kona, unapata karibu mita 717. Kwa mstari wa sentimita 10 hizo ni mita 72 za mraba za rangi. Nunua kwa hesabu hiyo, na uongeze ya kupaka mara ya pili, maana nyasi hunywa rangi kuliko ukuta. Tumia rangi ya maji. Chokaa kali ya ujenzi, hii ya kuchomwa, acha iende kwa waashi: huunguza nyasi, na kipa akijirusha ikamwingia machoni pamoja na jasho, mnampeleka hospitali.

Magoli: mita 7.32 kwa 2.44. Urefu wa 2.44 hupimwa kutoka ardhini hadi chini ya mtambaa wa panya, na katika uwanja mpya ardhi hiyo bado inahama. Mkiongeza udongo na mchanga golini ili nyasi zishike, goli limefupika. Udongo ukishuka baada ya mvua, limerefuka. Kwa hiyo lipime wiki ya mechi, katikati na kwenye milingoti yote miwili, hata kama lilipimwa siku ya kusimikwa. Msidhani ni mambo ya viwanja vya mitaani. Septemba 2020 Tottenham walipokwenda Makedonia Kaskazini kucheza na Shkëndija kwenye Europa League, makipa walisimama golini wakahisi kuna kitu. Yalipimwa, yakakutwa mafupi kwa sentimita 5, ikabidi yaletwe mengine.

Hapa kwetu kuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Nati na bolti za chuma cha kawaida huanza kutoa kutu kabla hamjamaliza kupaka viti rangi. Tumia zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu, na kila mwezi mtu apite na spana. Wavu ushikwe kwa klipu za plastiki. Ndoano za chuma hukata vidole, hasa vya kipa aliyesahau kuvua pete. Chini, ukisukuma wavu kwa mguu usiinuke kiasi cha kupitisha mpira, ambao una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Refa atafanya jaribio hilo hilo, bora lianze kwako. Na magoli yale ya kuhamishika ya mazoezi yafungwe chini kwa vigingi au uzito wakati wote, hata kama yamekaa tu pembeni. Watoto hupenda kuning'inia, na goli likiangukia mtoto huua.

Sasa nyasi, na hapa tutakaa kidogo.

Chini ya Mombasa kuna jiwe la matumbawe. Hunyonya maji haraka, jambo zuri siku ya mvua ya Mei na baya miezi mingine yote. Wajenzi wakimwaga udongo mwekundu mzito juu yake bila kupanga tabaka, maji hayashuki tena. Mnapata dimbwi golini na vumbi katikati ya uwanja. Mpango wa kawaida ni changarawe chini, mchanga juu yake, kisha sentimita 20 hadi 30 za udongo uliochanganywa na mchanga. Mchanga wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo inayoua nyasi polepole huku kila mtu akilaumu mbolea. Dalili zake ni ncha za majani kuwa kahawia na ukoko mweupe juu ya udongo baada ya siku kadhaa za jua.

Chumvi hiyo huja hata bila mchanga wa pwani, kwa kupitia kisima. Visima vingi vya kisiwani maji yake ni ya chumvichumvi. Kama hamna njia nyingine, pandeni nyasi aina ya paspalum ya ufukweni, inayostahimili. Bermuda ni nzuri kwa mpira na hujirekebisha upesi, ila ikinyweshwa chumvi kila siku nayo huchoka. Nyasi za Pemba, zile za majani mapana zilizojaa kwenye bustani za hoteli, ziacheni kwenye bustani za hoteli. Mpira hautembei juu yake, unakwamakwama tu.

Hesabu ya maji haina siri. Wakati wa kaskazi, joto likiwa kali, weka milimita 5 kwa siku. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, na uwanja ni mita za mraba 7,140. Hizo ni lita 35,700 kwa siku, yaani maboza manne ya lita 10,000. Kamati isiyokuwa na tangi na pampu, ikitegemea mfereji wa mji peke yake, ijue itanunua maboza hayo, na iweke bei yake kwenye bajeti kabla ya bei ya hema la wageni.

Nyasi zimekuwa tayari? Usitazame rangi. Zishike kwa vidole na uvute juu: zikiinuka kama mkeka, mizizi haijashika na mechi isogezwe. Kwa nyasi zilizopandwa vipande vipande, wiki 8 hadi 12 ni kawaida, na hapo zimwagiliwe bila kukosa. Chukua bisibisi ndefu uisukume ardhini kwa mkono. Isipoingia sentimita 10 hivi, ardhi imeshindiliwa na magari ya ujenzi, na wachezaji wataumia magoti. Kisha angusha mpira kutoka mita 2. Kwa nyasi bandia FIFA hutaka udunde baina ya sentimita 60 na 100, na kwa nyasi za kweli kipimo hicho hukupa picha ya haraka. Fanya hivyo sehemu kumi tofauti. Ikiwa pembeni unadunda 90 na golini 40, kipa wenu aambiwe mapema.

Na hema lisimame nje ya mistari. Viti vya plastiki vyenye watu wazito, ngoma za kukaribisha wageni, viatu vya visigino, jukwaa la spika, vyote vikikaa saa tatu juu ya nyasi za miezi mitatu, kipindi cha pili kinachezwa shambani. Helikopta ya mheshimiwa itafute pa kutua. Kuna nafasi ya kutosha Mombasa hii.

Saa ya kuanza ni hesabu ya jua na adhana. Kama taa hamna, mechi ya saa kumi kamili, ukiweka mapumziko ya dakika 15 na nyongeza, huisha kama saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Februari jua huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu, una nafasi. Novemba huzama dakika chache tu baada ya saa kumi na mbili, na mchezaji mmoja akilala chini dakika tano mnamalizia jua likizama. Mechi ya kombe yenye dakika 30 za ziada na penalti, Novemba, bila taa, saa kumi: msithubutu. Saa tisa ndiyo salama kwa jua, lakini Alasiri huingia baina ya saa tisa na saa kumi, na nusu ya mashabiki wenu watataka kuswali. Dawa si ngumu: mabomba ya kutawadhia na eneo safi lenye mikeka nyuma ya jukwaa, wakaweza kwenda na kurudi kwa dakika kumi. Msipoliweka, watatoka nje ya geti wakarudi wote kwa pamoja, na mlinzi atataka kuziona tikiti upya.

Sasa milango. Hili ndilo linaloua watu, kwa hiyo lichukuliwe kwa uzito kuliko wimbo wa klabu. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walikufa kwenye msongamano wa kuingia uwanja wa Nyayo, Nairobi, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Tarehe 24 Januari 2022, watu 8 walikufa Olembé, Yaoundé, uwanja mpya kabisa, kwenye mechi ya Kameruni na Komoro. Geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Mara zote mbili palikuwa na watu wengi mbele ya nafasi ndogo, walio nyuma wasijue walio mbele wamekwama.

Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza huhesabu watu 660 kwa saa kwa kila njia moja ya kuingilia, hapo kila kitu kikienda vizuri. Kwa watu 5,000 wakiingia ndani ya saa moja unahitaji njia 8. Hesabu hiyo ni ya mtu kuonyesha tikiti na kupita. Mkiongeza kupekua mifuko kwa sekunde 15 kila mtu, njia moja haiwezi kupitisha zaidi ya 240. Kwa hiyo upekuzi ufanyike mbele, mita 20 au 30 kabla ya mlango, na watu wengi zaidi, ili msongamano usikutane na chuma. Na kama tikiti ni za M-Pesa, uzeni kabla ya siku yenyewe. Watu elfu mbili wakisimama mahali pamoja wakitafuta mtandao, ujumbe hauji, na kila mmoja anamwambia mlinzi "nimelipa, subiri kidogo". Huyo "subiri kidogo" ndiye anayeziba njia. Wekeni meza ya matatizo kando, nje ya foleni.

Kutoka ni hesabu nyingine: watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana kwenye ardhi tambarare, 66 kwenye ngazi, na wote wawe wametoka ndani ya dakika 8. Watu 5,000 kwa dakika 8 ni 625 kwa dakika, yaani mita 7.6 za milango iliyo wazi. Wazi maana yake haina kufuli, inafunguka kwa nje, na kando yake amesimama mtu mwenye kizibao cha kung'aa ambaye haangalii mpira. Dakika ya 75 milango yote ya kutokea iwe imefunguliwa na amri hiyo iwe na mwenyewe, mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Na muuza viazi karai asiruhusiwe kuweka jiko kwenye njia ya kutokea, hata akiwa ni mama yake kocha. Mafuta yanayochemka na watu wanaokimbia havikai pamoja.

Nje ya geti kumbukeni kivuko. Wa Likoni wakitoka wote kwa pamoja wanakutana na foleni ya feri, kwa hiyo mechi ikichelewa kuanza kwa nusu saa, wao wanafika kwao usiku. Tuktuk na bodaboda zipewe sehemu yao mbali na geti la ambulensi. Ambulensi yenyewe iwepo kabla ya timu kupasha misuli, iwe imeelekea nje, na njia yake isiegeshwe gari hata la mwenyekiti. Ligi za hapa mechi zimeshawahi kuvunjika kwa kukosa ambulensi tu. Ziwe mbili mkiweza. Moja ikiondoka na majeruhi, mchezo unasimama kuingoja.

Vyoo kwa ufupi: mapumziko ni dakika 15, na mtu akichukua dakika moja tundu moja linahudumia watu 15. Piga hesabu mwenyewe.

Mwisho ni timu, ambayo husahauliwa kwenye haya yote. Uwanja mpya hauna faida ya nyumbani mpaka mtakapoitengeneza. Timu iliyozoea mita 100 kwa 64 ikihamia 105 kwa 68 imeongezewa mita za mraba 740, zaidi ya moja ya kumi. Winga anafurahi. Kiungo aliyezoea kufunika upande mzima anafika amechelewa hatua mbili, na kocha anadhani kijana hajalala. Fanyeni mazoezi pale angalau mara nne, saa ile ile ya mechi, ili upepo na jua viwe vile vile. Wakati wa kusi, mpira mrefu wa kipa kuelekea kusini hurudi. Afadhali apige chini. Kama uwanja umelala mashariki na magharibi, kipa anayetazama magharibi kipindi cha pili atakula jua usoni kuanzia saa kumi na moja. Kwa hivyo nahodha akishinda sarafu achague upande, achukue goli la mashariki kwanza. Baada ya mapumziko kipa wa wageni ndiye atakayesimama hapo akiweka kiganja juu ya nyusi. Magoli ya kupashia misuli yawekwe pembeni, ili sehemu ile mbele ya kipa isichakae kabla ya filimbi.

Filimbi ya mwisho ikilia, watu wanne waingie uwanjani na uma za bustani na ndoo ya mchanga kabla mashabiki hawajaingia kupiga picha. Kipande cha nyasi kilichong'oka kikirudishwa jioni ile ile na kukanyagwa kwa mguu hushika. Kikilala kucha ni cha kutupa. Mwagilieni usiku huo huo, nyavu zifungwe juu zisiguse ardhi. Asubuhi mtu wa milango alete karatasi yake: kila njia ilipitisha wangapi, kuanzia saa ngapi, na ipi ilikwama.